Gari la Mguu wa Kulia

Oili ya gia boksi ikiungua hutoa harufu isiyofanana na moshi mwingine wowote: kama sukari iliyosahaulika jikoni, ikachanganyika na nywele zilizoguswa na moto. Niliinusa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na mmoja, nimekaa kiti cha nyuma cha gari la baba, nimebanwa na magunia ya samaki wakavu tuliowanunua Basotu. Ulikuwa mwezi wa saba. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, mabua yamebaki yakigongana kwa upepo, na ukungu ulikuwa haujaondoka ingawa ilikaribia saa nne asubuhi. Kwenye kilima cha mwisho kabla ya kufika kwetu Maretadu, injini ilinguruma kwa nguvu lakini gari likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma taratibu. Baba alivuta breki ya mkono, akazima injini, akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Jirani yetu alileta maksai wanne, wakafungwa minyororo kwenye bampa, nasi tukaingia nyumbani tukivutwa, watoto wenzangu wakitufuata kwa kicheko.

Baba hakuwa na mguu wa kushoto. Aliupoteza kabla sijazaliwa, alipokuwa kibarua katika mashamba ya ngano, trela lilipomwangukia. Kwa miaka kadhaa alitembea kwa magongo mawili, akawa mtu wa kukaa nyumbani na kungoja wengine warudi na habari. Ndipo aliposikia kwamba bwana shamba mmoja aliyekuwa anastaafu ana gari lisilo na klachi. Magari yote yaliyojulikana kwetu yalitaka miguu miwili, wa kushoto wa kukanyaga klachi kila dereva anapobadili gia, na wa kulia wa mafuta na breki. Lile lilijibadilishia gia lenyewe. Lilikuwa la zamani hata kwa wakati ule, refu, rangi ya maziwa, viti vyake vimepasuka, lakini lilitaka mguu wa kulia peke yake, na huo baba alikuwa nao. Alitoa ng'ombe wanne akalichukua. Tangu siku hiyo akawa yeye ndiye anayepeleka wengine na mizigo yao: samaki, maharage ya mnadani, wajawazito wa kuwahishwa hospitali. Watu waliozoea kumsalimia kwa huruma wakaanza kumsalimia kwa kumwomba lifti.

Fundi Paskali, aliyekuwa akitengeneza malori na matrekta ya eneo letu, alilala chini ya gari, akatoka na kidole kilicholowa oili nyeusi, akakinusa. "Mzee, sitakudanganya," alimwambia baba. "Gia boksi ya namna hii sijawahi kuifungua. Lakini ipo pikapu iliyokufa kule Haydom. Nikufungie gia boksi yake ya kawaida, yenye klachi, na kwa siku tatu gari linatembea." Baba mdogo Safari, mdogo wake baba, akadakia palepale. "Mimi nitakuendesha, kaka. Wewe utakaa mbele utulie." Nami, niliyekuwa nimeona aibu ya kuvutwa na maksai, nikasema, "Baba, kubali tu. Baba mdogo ataendesha." Baba alichukua magongo yake, akazunguka nyuma ya nyumba. Mama alikuwa akipepeta maharage. Hakuinua uso. "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," alisema. "Wewe unataka gari litembee. Baba yako anataka atembee yeye." Maneno yale yalinikaa kifuani kama ugali usiotafunwa vizuri.

Asubuhi iliyofuata baba alimwambia Paskali aifungue hiyo hiyo ya zamani, liwalo na liwe. Waliishusha gia boksi kwa jeki na magogo, wakaifungulia juu ya ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa uani. Kila kipande kilichotoka kiliwekwa mahali pake kwa mpangilio, na baba, ameketi chini, alikizungushia mstari wa chaki ili kisipoteze nafasi yake. Kwa siku tano tulikula chakula chetu kando ya ngozi ile, tukiwafukuza kuku na ndama. Siku ya sita Paskali aliinua bomba fupi la shaba, pana kiasi cha vidole viwili kuingia, lililolika upande mmoja hadi kuwa jembamba kama ganda la yai. "Mwizi ni huyu," alisema. "Hii ni bushi ya pampu. Imekwisha, pampu inayumba, oili inavuja badala ya kusukumwa. Na gari hili, mzee, oili ndiyo mguu wake wa kushoto." Visahani vya ndani vilikuwa vimeungua kidogo tu, kwa sababu baba alizima injini mapema. Ila bushi ya aina ile haikupatikana Katesh, wala Babati, wala Arusha alikoagizia.

Mama ndiye aliyemkumbuka Mzee Gidahasi, mhunzi wa Kidatoga katika uwanda wa Basotu, ambaye bangili zake za shaba zilivaliwa na wanawake wa pande zote. Baba mdogo alicheka, akasema gia boksi si shanga. Tulikwenda kwa mkokoteni wa punda, mimi na yeye. Nilimwamkia mhunzi, "Shikamoo mzee," akaitikia bila kuondoa macho kwenye ile bushi. Aliigeuza mara nyingi, kisha akasema, "Hii ni bangili. Mkono wake uko wapi?" Baba alisema umebaki nyumbani. "Bangili haitengenezwi bila kuona mkono," mzee alisema, akamrudishia. Tukarudi, safari ya siku nzima, na kesho yake tukaenda tena na kile chuma cha pampu kinachovaa bushi. Aliyeyusha kufuli mbovu na koki za mabomba, mkewe akipuliza mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Bushi ya kwanza ilipasuka alipoigonga. Nilitaka kulia. Yeye aliitupa tena motoni bila kubadilika sura, maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ya pili aliisugua kwa tupa na mchanga mpaka jua likaelemea magharibi, akaivalisha, akaizungusha kwa kidole, ikateleza kimya. Baba alipouliza malipo, mzee alisema, "Nitalipwa siku nitakapolipanda hilo gari."

Paskali alichukua siku nne kurudisha kila kitu. Baba aliwasha, akasogeza mkono wa gia hadi kwenye D, herufi ya kwenda mbele. Kwa muda hakukutokea kitu. Kisha gari likajivuta, taratibu, kama mtu anayeamka. Alituambia anakwenda kanisani na kurudi. Alipitiliza kanisa, akashuka kilima, akapotea. Alirudi alasiri, na kando yake alikaa Mzee Gidahasi na shuka lake jeusi, fimbo imetokeza dirishani. Nilimfungulia baba mlango, nikamwomba msamaha kwa yale niliyosema. Aliniwekea mkono kichwani. "Ulikuwa unanitakia mema," alisema. "Ila uniulize kwanza."

Gari lile lilitembea miaka tisa zaidi, na likafa kwa kutu, si kwa gia boksi. Siku hizi magari yasiyo na klachi yamejaa Mbulu mjini, na vijana wengi hawajui hata kazi ya ile pedali ya tatu. Spea huagizwa kwa simu. Mimi mwenyewe naendesha gari la namna hiyo, na mara nyingi nasahau kwamba zamani jambo hili lilikuwa muujiza. Mwaka jana nilikuwa nyumbani Maretadu alipokuja kijana mmoja kwa magongo, aliyepoteza mguu kwa ajali ya bodaboda. Alimwamkia baba, akakaa, akasema ndugu zake wamemshauri afuge kuku. Baba, ambaye macho yake hayamruhusu tena kuendesha, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mguu upi?" akamuuliza.

"Wa kushoto, mzee."

Baba akanyoosha mkono kwangu, nimpe ufunguo wa gari langu. "Basi tuanze."