Mia na Nne ya Mama Esta

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila ninapoikumbuka nainamisha uso hata nikiwa peke yangu jikoni. Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, nimetoka mafunzoni juzi tu, nimepangiwa zahanati ya kijiji kimoja kati ya Kasulu na Kibondo. Gauni langu jeupe nililipiga pasi ya mkaa kila asubuhi. Nilikuwa na cheti kimoja na majivuno ya watu kumi.

Chuoni tulifundishwa kupima homa kwa sentigredi. Thelathini na saba ni mtu mwenye afya, arobaini ni hatari. Kipimo kingine sikukijua, maana siku mwalimu alipokifundisha mimi nilikuwa bwenini nasukwa nywele. Hiyo nayo ni aibu, lakini ndogo.

Basi asubuhi hiyo foleni ilifika hadi nje. Akaingia Mama Esta, mmoja wa wale waliokimbia kutoka Burundi, amembeba binti yake mgongoni.

"Muganga, mwana ana umuriro, anawaka mwili mzima," alisema. "Mzee wa kwetu amempima kwa kipimo chake. Ni mia na nne."

Mzee huyo alikuwa dresa mstaafu, mfunga vidonda wa hospitali, na kipimajoto chake alikuwa nacho tangu enzi za mkoloni. Mama Esta hakujua kuandika, kwa hiyo alitembea saa mbili akiitaja namba ile njia nzima asije akaisahau. Hayo niliyajua baadaye.

Mimi nilicheka. "Mia na nne? Mama, maji ya ugali yanachemka kwa mia! Mwanao amekuwa sufuria?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, nami nikanogewa. Na kwa milima yetu hii maji huchemka kabla hata ya kufika mia, kwa hiyo hilo nililojidai nalo pia sikulijua vizuri. Mama Esta alitazama chini, akamkaza mtoto kwenye kanga, akatoka. Sikumgusa yule mtoto, mwanangu. Kipimajoto kilikuwa mezani, mbele yangu, sikukinyanyua. Nikaita mgonjwa mwingine.

Mzee Gwimo, mganga wetu, alikisikia kicheko kutoka chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini. Nilimsimulia huku bado natabasamu. Yeye hakutabasamu. Alichukua kalamu, akageuza kadi moja upande wa nyuma.

"Kipimo cha zamani ni farenhaiti," alisema. "Maji yakiganda, sisi tunasema sifuri, wao wanasema thelathini na mbili. Kwa hiyo kwanza toa thelathini na mbili. Kwenye mia na nne zinabaki ngapi?"

"Sabini na mbili."

"Gawanya kwa tisa, zidisha kwa tano."

Nikapata nane. Nane mara tano.

"Arobaini," nilisema.

"Sasa kimbia."

Nilikimbia na gauni langu la pasi. Nilimkuta Mama Esta kwenye mteremko wa kijito, amekaa chini, Esta anatetemeka kwa degedege mapajani mwake, naye anamlowesha maji kwa kiganja. Tulimrudisha mbio, Mzee Gwimo akamdunga sindano, na kufikia jioni homa ikashuka. Alipona. Namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Lakini mama yake sikumwomba radhi. Nilijifanya nina kazi nyingi.

Hakunigombeza hata mara moja. Ila tangu siku ile, kila alipomleta mtoto nikamuuliza ana nini, alinitazama usoni akajibu, "Pima mwenyewe." Miaka mitatu, mwanangu, sikupata neno lingine kutoka kwake. Kisha wakahama, radhi yangu ikabaki mdomoni.

Wewe kesho unapanda basi kwenda kusomea uuguzi. Hesabu hiyo iandike kwenye daftari lako, na ya kurudi pia: zidisha kwa tisa, gawanya kwa tano, ongeza thelathini na mbili. Lakini mtu akikuletea namba usiyoielewa, muulize imepimwa kwa kipimo gani, kisha mguse mgonjwa. Na ukikosea, omba radhi siku hiyo hiyo, hata kama foleni nzima inakutazama.

Nenda, mwanangu. Mungu akufikishe salama, na kila mama atakayekuja mbele yako aondoke amesikilizwa.