Noeli Nyuma ya Kufuli

Ufunguo ulikuwa kwangu, kwa hiyo kama unatafuta wa kumlaumu, anza na mimi. Nimeshazoea. Mtu aliyekaanga mapanki miaka saba, ile mifupa inayobaki viwandani, akanuka mafuta ya sangara mpaka kanisani, haogopi tena maneno ya watu.

Prudencia Kokushubira alikuwa jirani yangu Ilemela, hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe, nyumba mbili ukuta mmoja. Ukimkuta leo sokoni Mlango Mmoja, amesimama kwenye meza yake ya mitumba anaita wateja, huwezi kudhani ndiye yule ninayemsimulia. Mhaya kamili. Hata akinunua mkaa anamsahihisha muuzaji Kiswahili. Jambo moja tu limebaki: kwao Bukoba anakwenda kwa basi, hata kama barabara ni mbaya kiasi gani. Meli hapandi.

Mumewe, Renatus Kahigwa, alikuwa fundi wa mashine kiwandani, kwenye nguo, mpaka walipoanza kupunguza watu. Baada ya hapo akawa anapeleka sabuni na chumvi Bukoba na kurudi na ndizi. Mwezi Mei mwaka 1996 alikwenda kwao kumzika baba yake mkubwa, akarudi na ile meli iliyozama. Alikwenda kuzika, yeye mwenyewe akakosa kuzikwa, maana mwili wake haukuonekana. Prudencia alishinda uwanja wa mpira, walikolazwa waliopolewa, siku sita akifunuliwa maiti za waume wa watu wengine. Siku ya saba alikaa nyumbani, akafua mashati ya Renatus yote, akayapiga pasi.

Tangu hapo neno "marehemu" halikutoka kinywani mwake. Mwaka mmoja na nusu alikuwa anasema, "Renatus hajarudi." Nikipika dagaa ananiambia Renatus hapendi dagaa wenye mchanga.  

Desemba ya mwaka uliofuata ikaja barua ya shemeji yake. Kwao mtu huzikwa kwenye kibanja cha ukoo, katikati ya migomba iliyopandwa na babu zake. Mwili ukikosekana, wanakata mgomba, wanauvisha sanda, wanauzika kwa jina la mtu wao. Shemeji aliandika kwamba Noeli hiyo ukoo wote utakuwa nyumbani, na Renatus atazikwa tarehe ishirini na saba. Mwishoni akaongeza mstari mmoja: Odeta anakuulizia. Odeta ni binti yao, alikuwa na miaka tisa, akilelewa na bibi yake Bukoba tangu msiba.

Ulikuwa mwaka wa mvua za El Niño. Barabara ya kupitia Biharamulo ilikuwa imekatika, mabasi yamelala. Ilibaki meli. Jumuiya yake ndogo ndogo ya Kikatoliki ikaja kumuaga, ikamwombea safari, akina mama wakalia, wakampa kanga ya kuvaa makaburini. Alipokea kila kitu kwa mikono miwili.

Jumamosi tarehe ishirini nilimsindikiza bandarini. Alifika mpaka kwenye ngazi ya meli. Watu wanasukumana na magodoro na kreti za soda, yeye ameweka mguu mmoja kwenye ngazi, mwingine umekataa. Nikadhani anaumwa. Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi.

"Mama Mhoja," akaniambia, "nikipanda hii nakwenda kumfukia."

"Mwenzangu, watu wanangoja nyuma."

"Turudi."

"Turudi wapi, na Jumuiya nzima imeshakuaga?"

Akaninong'oneza sikioni, katikati ya watu wote wale. "Unifungie ndani. Uweke kufuli nje. Wakiliona watajua nimekwenda."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana. Lakini nilijua watu wa mtaa wetu watasema nini. Mjane anayekimbia maziko ya mumewe ana lake jambo, au ana mtu wake. Basi tukarudi kwa kichochoro cha nyuma, mvua inatupiga, sanduku lake kichwani kwangu kana kwamba ni langu. Akaingia. Nikafunga. Nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja tu, na madirisha yana nondo. Nondo hizo alizichomelea Renatus mwenyewe, kwa sababu ya wezi.

Siku mbili nilikwenda jioni, mvua inaponyesha na watu wako ndani, nikampelekea chakula na kutoa ndoo. Alikuwa hawashi taa. Akikohoa anakohoa ndani ya mto. Nilimuuliza utatokaje humu, akasema baada ya mwaka mpya atatoka na sanduku lake, kama mtu aliyerudi safari. "Na Odeta je?" Akageukia ukutani. Nikajua nimemchoma, nikajichukia, lakini swali lilikuwa la haki.

Jumatatu nikaletewa habari kwamba mama yangu ni mgonjwa, ng'ambo kule Sengerema. Nikamwachia Prudencia viazi vya kuchemsha na maji ya siku moja, nikafunga, nikavuka ziwa kwa pantoni kwenda Kamanga. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Kumwachia mtu ufunguo ilikuwa ni kumwachia na siri.

Mama alikuwa na malaria tu. Jumanne asubuhi aliketi akadai uji na kunigombeza kwa nini nimekonda. Lakini pantoni likaharibika. Jumanne nzima nilikaa Kamanga kwenye jiwe, naiona Mwanza ile pale upande wa pili, na ufunguo naugusa kila baada ya dakika mbili. Njia ya kuzungukia Busisi ilikuwa matope, magari yamekwama. Nilimtukana fundi wa pantoni kimoyomoyo, kisha nikamwombea, kisha nikamtukana tena. Yule dada alikuwa hana maji, na alivyo mkaidi, asingeita mtu.

Nilivuka Jumatano, mkesha wa Noeli, saa nane mchana. Nilipanda yale mawe nikihema. Nilipofika uani nikakuta watu kama ishirini wamesimama mbele ya mlango wa Prudencia, mishumaa mkononi, wanasali kuelekea kwenye kufuli langu.

Alikuwa ni Mzee Maige, kiongozi wa ile Jumuiya ya Prudencia, na watu wake. Siku tisa kabla ya Noeli wanasali nyumba moja kila siku, na zamu ya tisa ilikuwa ya Prudencia.

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Lakini mwenyewe si hayupo?"

"Marahaba, Mama Mhoja. Nyumba hairukwi. Mwenye nyumba kasafiri, Mungu hajasafiri. Simama na sisi."

Nikasimama. Mimi ni wa AIC, si Mkatoliki, rozari yao siijui, lakini siku hiyo niliomba kuliko wote. Pazia la dirisha halikutikisika. Nikitoa ufunguo, nimemvua nguo mwenzangu mbele ya watu. Nisipoutoa, labda namsalia maiti. Wahenga wanasema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimeficha uchi wa mtu mwingine kabisa. Pindo la kanga nililikamata kwa mikono miwili. Mama mmoja akanipa mshumaa, akidhani ni huzuni.

Mzee Maige akamwombea Renatus. "Raha ya milele umpe, ee Bwana," na wote wakaitikia. Kisha akainua mikono. "Na dada yetu Prudencia, ambaye tangu ajali ile moyo wake uko majini peke yake. Bwana, ulitembea juu ya ziwa. Mfikie huko majini. Asiogope. Umshike mkono."

Ndani ya nyumba sauti ikasema, ya kukwaruza, taratibu, "Mimi siko majini."

Watu wakarudi nyuma. Mwanamke mmoja akadondosha mshumaa.

"Aliye majini ni Renatus," sauti ikasema. "Sala hiyo mpeni yeye."

Nikafungua pindo la kanga, nikawapita wote bila kumtazama mtu usoni, nikafungua kufuli.  Prudencia alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye fremu ya mlango, midomo imepasuka, amevaa kanga ile waliyompa ya makaburini. Machozi yalinitoka. Nyuma yangu nikasikia minong'ono inaanza: bandarini, kumbe, toka Jumamosi.

Mzee Maige akawageukia. "Hatujamaliza sala," akasema, na minong'ono ikakoma. Kisha akachuchumaa mbele ya Prudencia, mzee mzima na magoti yake mabovu, asiulize ulikuwa wapi wala kwa nini. Akamuuliza, "Mama Odeta, tumalizie wapi?"

 Wote tulingoja, nta inatuchuruzikia vidoleni.

"Ile ya kwanza," Prudencia akasema. "Ile sikuitikia."

"Tumwombee nani?"

Aliwaza kama mtu anayejaribu ngazi kwa mguu. "Marehemu," akasema, kisha akavuta pumzi. "Marehemu Renatus Kahigwa."

Mzee akasema maneno yake, raha ya milele umpe, ee Bwana. Hakuna aliyemsaidia. Prudencia akaitikia peke yake, na mwanga wa milele umwangazie, mpaka mwisho, akilia bila kujificha. Kisha akaomba maji ya kunywa.