Uso wa Mwanamke wa Kaseti

Nakumbuka siku moja, mujukuu wangu, ya ile miaka treni zilikuwa hazifiki tena Kamina juu ya vita. Bwana yangu alikuwa mwanafunzi wa chuo cha walimu. Chuo kilifungwa, naye na wenzake wakawa wanashinda kwa askari mumoja mwenye jenereta, wanaangalia kaseti za bantu uchi. Minyi nilikuwa bibi harusi mupya. Usicheke, hata minyi nilikuwa kijana.

Nyumbani alikuwa ananiangalia kama muntu anayengojea kitu. Mwisho akasema: "Mbona weye hauko kama bale wanawake wa kaseti?" Nikaona ndoa yangu inakufa, na sikujua nimekosa nini. Nikakimbia kwa shangazi, dada ya baba. Yeye njo alinifundisha mambo ya ndoa mbele ya harusi, mulango umefungwa, bila kuficha neno.

Shangazi akamwita bwana yangu. Kwetu mukwe na mama wa muke wake hawaangaliani usoni, na shangazi ni mama vilevile. Basi shangazi akakaa nyuma ya pazia, minyi kando yake, bwana yangu upande mwingine.

"Mukwe, nasikia uko unasoma sana."

"Chuo kilifungwa, mama."

"Kile cha kaseti hakijafungwa. Yule mwanamke, jina lake nani?"

"Sijui, mama."

"Alikuwa anafurahi ao analia?"

Nikasikia kiti chake kinasogea. "Sikuangalia uso."

"Minyi siwezi kukuangalia, desturi inanikataza. Weye, nani alikukataza kuangalia uso wa yule?"

Tulirudi kwa miguu. Karibu na reli akasimama, akaniangalia, akauliza: "Weye unapenda nini?" Nikakosa jibu. Hakuna muntu alikuwa ameniuliza vile, hata shangazi. Tukabaki pale wote wawili, vichwa vimechanganyikiwa. Kwangu minyi, ndoa yetu ilianza pale, si kanisani.

Sasa weye, mujukuu wangu, uko iniversite. Unaniambia: "Nkambo, wote tunaangalia, hata wasichana. Iko kujifunza tu." Telefone ile ile inabeba masomo yako na bale bantu. Sielewi. Shangazi naye alinifundisha yote, wala sikuona aibu. Ya telefone yako yananipa aibu. Nimetafuta tofauti iko wapi, usiku na mchana, naona moja tu: shangazi alijua jina langu.

Basi nakuambia wazi. Weka ile telefone chini. Usimupelekee msichana, mutoto wa wenyewe, mambo uliyofundishwa na muntu ambaye hata uso wake haukuangalia. Muulize yeye mwenyewe, na ungoje jibu, hata likikawia. Langu lilikawia miaka, na bwana yangu alingoja.

Mungu akupe nyumba ambamo utaitwa kwa jina lako, na macho yasiyoogopa uso wa mwenzako.