Damu ya Wapiga Kelele

Bibi yangu alifuma nguo kiwandani miaka thelathini na moja, na sijawahi kumsikia akinong'ona. Hata siri alizitoa kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara. Vyumba vyetu viwili vilipakana ukuta na ukumbi wa mashine, vikombe vikitetemeka kabatini tangu alfajiri, kwa hiyo tulipaza sauti na kumalizia kwa mikono. Vidole viwili vikikatakata hewani, uzi umekatika. Kiganja utosini, msimamizi anakuja. Nilizijua ishara hizo kabla sijaijua a-e-i-o-u.

Shuleni zikaniponza. Nilijibu kwa kelele, nikavuta wenzangu mashati kabla ya kusema nao, nikamkodolea mwalimu macho midomoni. Mwalimu wa sayansi akachoka nami, akamwita bibi. Alitaka nihamishiwe chumba cha nyuma, walikowekwa watoto wasiotarajiwa kufanya mtihani.

"Usinielewe vibaya, mama," alisema. "Watu wa kiwandani ndivyo mlivyo. Ukorofi uko kwenye damu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bibi alichukua daftari langu pale mezani, akasoma kwa sauti iliyofika hadi kwa mwalimu mkuu: "'Viumbe kama ndege hubadilika kizazi baada ya kizazi kufuata mazingira wanamoishi.' Haya kamwandikisha nani?"

"Mimi," mwalimu alijibu.

"Kwa hiyo ndege ni mazingira, mjukuu wangu ni damu? Haendi huko nyuma, ng'o! Jumamosi njoo usimame kwenye mashine yangu saa moja tu. Ukitoka kama ulivyoingia, nitamhamisha mwenyewe."

Hadi leo nikilikumbuka lile neno damu, hasira zinanipanda. Vizazi vitatu tumejifunza kuelewana mahali pasiposikika kitu, halafu mtu aliyelelewa kwenye ukimya anatuita wakorofi!

Jumamosi mwalimu alikuja, shati limechomekewa vizuri, nadhani akijua ameshashinda. Msimamizi alituruhusu tusimame kando. Dakika kumi za mwanzo mwalimu alizungumza kistaarabu na hakuna aliyegeuka. Akapaza sauti. Akapaza tena. Nusu saa haijaisha alikuwa anamvuta bibi mkono wa gauni na kumkodolea macho midomoni. Mara uzi ukakatika kwenye mashine ya jirani, naye, bila kufundishwa na mtu, akanyoosha vidole viwili na kukatakata hewa kama alivyoona wengine wakifanya. Mfumaji akazima mashine, akampungia kumshukuru. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Saa ilipotimia tukatoka naye hadi getini. Barabara ilikuwa kimya, watu wachache wakipita na vikapu vyao.

"MAMA! MTOTO ATABAKI DARASANI KWANGU!" mwalimu alifoka, huku amemshika bibi mkono.

Watu wote wakageuka. Bibi akajiwekea kidole mdomoni.

"Taratibu, mwanangu," alisema. "Watasema ni damu."