Msafara Uliokwenda kwa Simu

"Bibi, wanafuta dunia," mjukuu wangu aliniambia Ijumaa, sura imemshuka kama mtu aliyefiwa. Mchezo anaocheza kwenye simu na watu wa nchi nyingine, ambamo yeye ni mganga mwenye nyumba, bustani na punda wawili, unafungwa. Seva inazimwa, kisha dunia inaanza upya, na kila mtu anarudi mikono mitupu. Mama yake akamwambia aache upuuzi akaoshe vyombo. Mimi nilimkalisha kando yangu, maana machozi yale nayajua.

"Hata yetu ilikuwa ikifutwa," nikamwambia.

"Kwani enzi zenu kulikuwa na intaneti?"

"Kulikuwa na laini."

Nilikuwa karani wa simu kwenye stesheni ya Tabora, miaka ile nchi imeingia kwenye Ujamaa na kila mtu anamwita mwenzake ndugu. Simu ya reli ilikuwa waya mmoja uliopita stesheni zote. Kila stesheni ilikuwa na mlio wake, lakini ukinyanyua mkono wa simu uliwasikia wote walionyanyua. Mchana, treni ya abiria ikishapita na ya mizigo haijafika, makarani wa stesheni ndogo hawakuwa na kazi ila kufukuza mbuzi relini. Hapo ndipo msafara wetu wa maneno ulipotembea.

Aliyeuanzisha alikuwa karani mzee wa stesheni ndogo upande wa Kigoma. Mkewe alikwisha kufa, watoto hakujaliwa, alikaa na kuku wake. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara ya kweli, akamwachia njia nzima kichwani, kisima kwa kisima. Basi mzee alitugawia kazi. Yeye mwenyewe Kirangozi, yaani yule anayetangulia na kuonyesha njia. Karani mmoja wa upande wa Dodoma akawa Mpiga Ngoma. Wengine wapagazi. Mimi, mwanamke pekee kwenye laini, nikapewa upishi. Lo! Niliuma meno, lakini nikaupokea.

Tulianzia Bagamoyo na furushi moja kila mtu, tunakwenda Ujiji. Kila siku Kirangozi alitueleza tumeamkia wapi na kuna shida gani: mto umejaa, mtemi anataka hongo, nyuki wametushambulia. Kila mmoja alisema atafanya nini. Bahati ikaamuliwa na treni ya mizigo. Mabehewa yakigawanyika kwa mbili, shufwa, tunavuka. Yakibaki moja, witiri, tunalala palepale. Mtu alipata mali, akapata cheo, akagombana na mwenzake juu ya jora la kaniki ambalo halikuwepo. Tukifika Ujiji, yote yanakwisha. Tunatua mizigo, tunaagana, laini inakaa kimya mpaka mwezi uandame, kisha tunaanza upya Bagamoyo hatuna kitu.

Mama yangu aliposikia, nyumbani kwetu mtaa wa Gongoni, hakucheka. Upande wake tuna damu ya Waarabu wa Tabora, na babu yake alikuwa na misafara. "Huo si mchezo, mwanangu," akasema, sindano ya kofia imesimama mkononi. Nikamwambia sheria yetu ya kwanza: hatubebi mtu, hatubebi pembe, ni chumvi, majembe na nguo tu. "Basi angalau," akasema, akarudi kwenye kofia yake.

Sheria zote nilizilinda mimi. Ndivyo nilivyo, hata leo muulizeni mkwe wangu. Asiyeitika asubuhi mzigo wake unaachwa njiani na yeye ametoka. Mpagazi mmoja aliugua malaria siku tatu, nikamtoa. Mpiga Ngoma akalalamika kwamba siku hizi ni Ujamaa, na msafara nao uwe wa ujamaa, mgonjwa abebewe mzigo na wenzake. "Thubutu!" nikamwambia. "Wewe ngoma yenyewe inakushinda, utabeba mzigo wa nani?" Laini nzima ikacheka. Mgonjwa wa watu akabaki nje mpaka msafara uliofuata.

Kirangozi hakunigombeza. Kila siku nilimwamkia, "Shikamoo Kirangozi," naye akajibu, "Marahaba Mpishi, chunguni kuna nini?" Nikasema michembe na karanga, au ugali wa mtama na mlenda. Alikuwa akiuliza kama mtu mwenye njaa ya kweli. Mara nyingine nilihisi ndiyo salamu pekee aliyoipata kutwa.

Msafara wa tatu ulipokaribia mwisho, wenzangu walikuwa wamekubaliana kwamba safari ijayo Kirangozi ni mimi. Misafara mitatu nasonga ugali wa hewa! Nilihesabu siku. Tukafika mto Malagarasi, tukivuka tu, siku mbili tuko Ujiji.

Hatukuvuka. Kirangozi ndiye aliyeiona treni kwanza, maana ilitoka Kigoma, na yeye ndiye aliyetoa hesabu. "Witiri. Tunalala." Kesho yake witiri. Keshokutwa witiri. Siku ya nne nikatoka ofisini, nikasimama juani, nikahesabu mwenyewe treni ikiingia. Mabehewa ishirini na sita. Yeye alikuwa ametuambia ishirini na tano. Nikasema labda mzee amekosea. Siku ya tano nikahesabu tena, na njiani haikuongezwa wala haikukatwa behewa, taarifa zake zote zilipita mkononi mwangu. Thelathini. Yeye kasema ishirini na tisa.

Damu ikanipanda. Nikanyanyua simu, wote wako hewani, nikasema, "Kirangozi, wewe ni mtu mzima. Unatuibia mchezoni?" Nikawasomea hesabu, siku kwa siku, kama hakimu.

Waya ukabaki unavuma. Kisha mzee akasema polepole, "Haya. Tuvuke."

Tukavuka. Siku ya pili tulikuwa Ujiji. Kwa kawaida hapo tulitaniana, tukasifiana, Mpiga Ngoma akagonga meza yake mpaka masikio yakauma. Safari hii kila mtu alitua mzigo akakata simu. Nilifurahi kwa dakika kumi hivi.

Mpiga Ngoma akanipigia peke yangu. "Ndugu yangu, hukujua? Mzee anastaafu mwisho wa mwezi. Wiki mbili zimebaki. Alitaka msafara umfikishe siku yake ya mwisho, basi. Mwezi ukiandama sisi tunaanza upya, yeye hana simu tena."

Nikakaa. Nakwambia, niliona haya ambayo sijawahi kuiona tena. Wiki mbili zile laini ilikuwa kimya kwa sheria yangu, na yule mzee kule na kuku wake, hakuna wa kumwamkia. Mara tatu nilishika mkono wa simu nikauweka. Sikuwa na uso wa kumwambia kitu.

Alipita Tabora kwa treni ya abiria. Sikuwahi kumwona, lakini nilimjua: mtu mfupi, kofia ya reli, baiskeli, godoro na tenga la kuku. Nikamsogelea.

"Shikamoo."

Akanitazama. Sauti ndiyo aliyoijua. "Marahaba, Mpishi! Chunguni kuna nini?"

Nikaangua kilio palepale mbele ya abiria. "Nisamehe, baba. Nilikuaibisha."

"Ulihesabu vizuri," akasema. "Mimi ndiye niliyehesabu vibaya." Akaniambia ndugu zake wamehamishiwa kijiji kipya upande wa Igalula, mwendo wa saa nzima kutoka relini. Nyumba hana, shamba atagawiwa. "Naanza Bagamoyo na furushi langu," akasema, akajaribu kucheka. Kisha akaniuliza, akitazama kuku wake, "Mkianza, mtanikumbuka?"

Kengele ikalia. Nilikuwa sijamjibu, treni ikaondoka naye.

Mwezi ulipoandama niliita majina ya kazi, mimi Kirangozi sasa. Mpiga Ngoma yupo. Mpishi mpya yupo. Wapagazi wapo. Nikaita, "Mpagazi wa chumvi, mzee wetu." Kimya. Wote walijua sheria ni ya nani na inasemaje.

"Mzigo wake ninao mimi," nikasema. "Mpaka Ujiji. Na mwenye neno aseme sasa."

Mpiga Ngoma tu akasema taratibu, "Karibu kwenye Ujamaa, ndugu."

Nikamwita gadi wa treni ya mizigo, nikamwomba akisimama Igalula aulizie mzee mwenye kofia ya reli, amwambie mzigo wake unatembea, na kazi yake ni kuhesabu mabehewa. Tuligeuza, bahati sasa ikaletwa na treni itokayo Dar es Salaam, ipite kwake kwanza. Siku tatu baadaye gadi akanikabidhi kikaratasi kilichokunjwa mara nne. "Ishirini na mbili. Shufwa. Songeni mbele. Chunguni kuna nini?"

Tangu hapo alikuja relini kila siku ya treni, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Nami nilitoka juani nikahesabu, kwa mazoea tu. Hakukosea hata behewa moja. Tulipita Ugogo, tukapita Tabora yenyewe, nikamtumia asali kwa gadi, naye akanitumia yai la kuku wake, likafika zima. Akaniandikia kwamba kuta za nyumba zimefika kifuani.

Tukafika tena Malagarasi. Tukivuka, siku mbili ni Ujiji, na dunia inakwisha.

Treni ikaingia mchana, jua la utosi. Gadi akanipa kikaratasi. Mwandiko ulikuwa umetetemeka kidogo: "Ishirini na saba. Witiri. Laleni."

Nikahesabu. Ishirini na nane. Nikamuuliza gadi kama ameongeza behewa toka Igalula, akasema hajaongeza kitu. Nikarudia kuhesabu kuanzia mkiani mpaka kwenye injini, nikigusa kila moja kwa mkono. Ishirini na nane.

Nikarudi ofisini, nikanyanyua simu. Laini nzima ilikuwa inanisubiri.

"Witiri," nikasema. "Tunalala."