Floridi ya Sidab na Chai ya Bi Mkubwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya maji hapa Maskati, niliingia na shahada ya kemia na tai iliyonikaba. Mkuu wa maabara akanipa chupa tupu. "Kinga maji bombani, bwana msomi. Yaache kwanza yamwagike kidogo." Chuo kikuu hakuna aliyenifunza hilo.

Maji yetu hutoka baharini. Mtambo ukiyatoa chumvi, huyatoa na floridi, madini yanayokaza meno. Kituo chetu kidogo kilicholisha mji wa Sidab kiliirudisha kwa pampu iliyodondosha kwa kipimo. Ikipungua, meno ya watoto huoza upesi; ikizidi sana, huota na madoa. Kulinda kipimo hicho ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na niliipenda pampu ile kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili.

Miaka mingi baadaye akaja Mkurugenzi mpya. Asubuhi moja akaniita.

"Mwanangu meno yana madoa ya kahawia. Daktari kasema floridi imezidi. Zima pampu."

"Bwana, wewe unakaa Madinat Sultan Qaboos. Pampu yetu haifiki huko."

"Maji ni maji, ya akhi, ndugu yangu. Zima."

Nikazima, kisha nikaenda nyumbani kwake kupima. Maji ya bomba hayakuwa na kosa. Lakini jikoni palikuwa na madumu, na mama yake, Bi Mkubwa, hakunificha kitu.

"Mimi chai ya maji ya bahari sinywi. Nnaletewa ya kisima cha kwetu, milimani. Na mjukuu wangu nampa hayo hayo tangu anatambaa."

Nikayapima. Floridi tele. Nikampelekea Mkurugenzi majibu, akainuka kufunga mlango.

"Bi Mkubwa asiambiwe. Atasema namtukania kisima cha baba yake."

"Na pampu?"

"Iache. Nikiiwasha wataniuliza kwa nini niliizima."

Watoto wa mji mzima wakoseshwe kinga ya meno kwa sababu mtu mzima anamwogopa mama yake! Niliomba kustaafu mapema, nikitumai kuondoka kwangu kutawatikisa. Wakanikatia keki.

Sasa nakaa Hamriya, nalalamika bila mshahara. Nyinyi mnaoanza kazi, jueni kuwa kupima maji ni rahisi. Shida ni pale mkubwa wako anapoyaelewa majibu vizuri kabisa.

Juzi nilimkuta Bi Mkubwa kliniki ya meno na mjukuu wake. Nikamweleza yote. Akanitazama kama mimi ndiye niliyekosa.

"Ndiyo kanificha mimi? Angenambia, ningeyaacha siku ile ile. Chai na mtoto, kipi bora?"

Jioni hiyo akayatoa madumu jikoni. Pampu ya Sidab mpaka leo imezimwa.