Jina la Mchina Nililorithi kwa Babu

Baba yangu hajawahi kunipiga. Si kwamba ni mpole. Wadogo zangu wanaujua mkono wake vizuri. Mimi hanigusi kwa sababu nina jina la baba yake, na kwetu aliyepewa jina la marehemu ndiye marehemu mwenyewe. Baba ananiita "baba." Mama ananiita "baba mkwe," na hali nami sahani moja, maana mwanamke hali mbele ya baba mkwe wake. Nyanya, mama yake baba, akifika kutoka Wamaza na kikapu kichwani, huniuliza, "Mume wangu, umelala muzuri?" Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma kwa masista hapa Kasongo, na nina haya kiasi kwamba nikiitwa darasani naitikia nikitazama viatu vya mwenzangu. Nyumbani lakini ni mzee wa ukoo.

Shida ni kwamba jina lenyewe ni la Mchina.

Kasongo yote, na Kabambare yote mpaka porini, hakuna mwingine mwenye jina hilo. Sitaliandika hapa. Limekwisha kuandikwa katika karatasi nyingi, na hakuna karatasi iliyotuletea heri. Ni fupi, silabi moja tu. Kusema kweli, miaka mingi nilitamani lingine, jina la kawaida kama la wasichana wenzangu, ambalo sista halitamki huku amekunja uso.

Mwaka huu baba aliomba kadi ya ustaarabu. Mtu mweusi akiwa ameendelea, serikali humpa kadi ya kuthibitisha kwamba ameendelea. Asiyekuwa nayo hajaendelea, hata akilala na tai shingoni. Baba ni karani wa teritwari, yaani wilaya, na makarani wawili wenzake walikuwa wameipata. Basi tukaanza kuendelea. Baba alinunua uma sita, na kwa majuma matatu tukala bugali na sombe ya majani ya muhogo kwa uma, tukashinda na njaa. Mlango wa choo ulipakwa rangi kabla ya mlango wa nyumba, kwa sababu ilisemekana kamisheni inayokagua nyumba za waombaji huanzia huko.

Kisha ikaja barua. Kamisheni ilikuwa imeridhika na karatasi zote za mwombaji, isipokuwa jina la binti yake mkubwa, ambalo si la kabila lolote linalojulikana katika teritwari. Lielezwe kwa maandishi, au libadilishwe. Ofisini Bwana Mkubwa, Mbelgiji anayetawala teritwari, alimwongezea baba kwa mdomo kwamba Uchina siku hizi ni nchi ya wakomunisti, na kwamba mambo kama haya huanza kidogokidogo.

"Baba," baba aliniambia jioni ile, amekaa ukingoni mwa kiti kama mtoto aliyevunja chungu, "wewe ndiye mwenye mwandiko. Andika historia ya jina lako. Kurasa mbili. Iwe ya heshima."

"Na nikiikuta haina heshima?"

"Tafuta mpaka uione."

Nilianza na nyanya, aliyekuwa kwetu siku zile. Akaniambia, huku akichambua sombe, kwamba babu alifanya kazi ya reli kando ya Lualaba, na seremala wa madaraja alikuwa Mchina. Wote wawili walishikwa na homa, wakalazwa kibanda kimoja. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake.

"Ndiyo maana hawakugombana," nyanya alisema. "Walipopona wakafanya undugu wa damu. Wakachanjana hapa, kifuani. Mchina alifikiri ni dawa ya homa."

"Aliambiwa baadaye?"

"Aambiwe na nani? Homa haikurudi, akaamini. Halafu wakabadilishana majina, kama inavyotakiwa. Babu yako akarudi na la Mchina, Mchina akaenda na la babu yako."

"Kwa hiyo huko kwao iko mutu mwenye jina letu?"

"Kama alikuwa mutu wa heshima, iko. Na mke wake anateseka kulisema, kama mimi nilivyoteseka."

Hayo yalijaza nusu ukurasa, tena si nusu ya heshima. Nikaenda misioni kwa padri mmoja mzee, ambaye alikuwa amekaa Uchina miaka mingi mpaka watawala wapya wakamfukuza. Nilisimama nje ya mlango wake hadi mpishi aliponisukuma ndani. Nilimpa padri karatasi yenye jina.

Padri alifurahi kana kwamba nimemletea barua ya nyumbani. Akanieleza kwamba kule jina la namna hii si la mtu mmoja. Ni la ukoo mzima. Baba huwaachia watoto wote, na wanaolishiriki hawaoani hata wakikutana mbali na kwao. Majina ya koo si mengi, na mengine yanabebwa na watu wasiohesabika. Langu ni adimu mno. Alilikuta katika bonde moja tu, na wenyewe walimsimulia mwanzo wake: mzee wao mmoja alikuwa mtunza ghala za mfalme. Mfalme alimkasirikia, akaamuru auawe pamoja na kila mwenye jina lake. Makarani wakafungua madaftari na kuanza kutafuta. Yule mzee akavuka mto usiku, akalitupa jina la ukoo wake majini, akajiita kwa jina la kivuko kilichomwokoa. Waliobaki na jina la zamani walikwisha. Hili jipya likazaa bonde.

"Babu yako hakupewa jina, binti," padri alisema. "Alipewa ukoo mzima, na hakujua."

Nikaandika yote. Baba akaisoma, akafuta homa, akafuta chanjo, akapiga mstari chini ya "mfalme."

Kamisheni ilikuja asubuhi ya Jumamosi: Bwana Mkubwa, na mmoja wa wale makarani wenye kadi, aliyeletwa kutafsiri. Walianza na choo kweli. Kisha wakakaa, na Bwana Mkubwa akasoma kurasa zangu polepole, kwa kidole.

"Kwa hiyo," alisema kwa Kifaransa, "ni jina la mtu aliyeikimbia serikali."

"Serikali ya zamani sana, bwana," baba alijibu.

"Na mahali pake sasa wako wakomunisti."

Akatoa karatasi iliyokuwa tayari. Ilibakiwa na nafasi moja ya kujaza. Jina lolote, alisema, mradi liwe la hapa. Baba aandike, atie sahihi, na kadi itatoka kabla ya mwisho wa mwezi.

Nyanya alikuwa amekaa mlangoni pa jiko. Akamuuliza mwenye kadi, "Anasema nini?"

"Anasema mutoto abadilishe jina, mama. Kazi ya kalamu tu."

"Basi ananifanya mujane mara ya pili."

Alisema bila kupandisha sauti, na akaendelea na mboga zake.

"Anasema nini mama?" Bwana Mkubwa aliuliza.

"Anashukuru," mwenye kadi akatafsiri.

Baba akachukua kalamu. Nilidhani nitafurahi, maana jina nililolitamani miaka yote lilikuwa umbali wa mstari mmoja. Nikamtazama nyanya, kisha baba. Mkono wake ulikuwa juu ya karatasi na haushuki.

"Baba," aliniambia mbele ya watu wote, "uniwie radhi."

"Anazungumza na nani?" Bwana Mkubwa aliuliza. Mwenye kadi akanionyesha mimi.

Sikuwahi kumwamuru mtu yeyote maishani mwangu, hata mbuzi. Nikasema, "Mwanangu, weka kalamu chini."

Ilitoka kwa sauti ndogo hata mwenye kadi akauliza, "Nini?" Nikalazimika kurudia, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu safari hii mwenye kadi aliitafsiri neno kwa neno.

Baba akaweka kalamu chini. Aliiweka taratibu, sambamba na ukingo wa karatasi, kama mwanafunzi aliyemaliza mtihani.

Baada ya majuma mawili uamuzi ukatoka. Haukutaja Uchina, wala wakomunisti, wala mtunza ghala. Ulisema kwamba mwombaji yuko chini ya amri ya binti yake wa miaka kumi na sita, na kwa hiyo bado hajafikia kiwango cha mkuu wa nyumba iliyostaarabika.

Barua za Bwana Mkubwa hupigwa mashini na karani wake, yaani baba. Hii nayo aliipiga mwenyewe, nakala tatu, bila kosa hata moja, na ile iliyokuwa ya kwake akaniletea mimi niifungue kwanza.